Paganini: Mpiga fidla aliyeuza tiketi kwa uvumi wa Shetani

Mwaka 1828 noti ya gulden tano mjini Vienna, Austria, ilipata jina la utani. Watu waliiita Paganinerl, yaani Kipaganini, kama Watanzania wanavyoiita noti ya elfu kumi wekundu wa Msimbazi. Sababu ni kwamba gulden tano ndicho kilikuwa kiingilio cha kumwona Niccolò Paganini, Mtaliano mwembamba kama ufito, mwenye mashavu yaliyobonyea na nywele nyeusi hadi mabegani, akipiga fidla. Hazikuwa fedha ndogo. Watu walilipa, wakatoka ukumbini wameduwaa, na kabla hawajafika majumbani walikuwa wameshaanza kusimuliana mambo ambayo hayakutokea.

Sidhani kama kuna mwanamuziki aliyezuliwa mambo mengi kumshinda huyu. Ilisemwa ameuza roho yake kwa Ibilisi ili apewe vidole. Ilisemwa nyuzi za fidla yake zimesokotwa kwa utumbo wa mwanamke aliyemuua, na roho ya marehemu imefungiwa ndani ya mbao, ndiyo maana fidla hiyo hulia kama binadamu. Ilisemwa alijifunzia muziki gerezani: nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine, askari jela akakataa kumletea nyingine, naye akabaki na uzi mmoja kwa miaka mingi hadi akaumudu. Wengine walidai ndani ya viatu vyake hamna miguu bali kwato.

Ni porojo za kuchekesha. Lakini porojo hizi zilimtajirisha mtu akiwa hai, na alipokufa zikamfanya asubiri miaka 36 kabla ya kulazwa katika makaburi ya mji kama Mkristo mwingine yeyote.

Paganini alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1782 huko Genoa, mji wa bandari, katika familia ya watoto sita. Baba yake, Antonio, alihangaika bandarini, leo kuna kazi, kesho hakuna, na jioni alipiga mandolini ili kuongezea kipato. Mtoto alishikishwa mandolini akiwa na umri wa miaka mitano, na fidla akiwa na miaka saba. Paganini mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baba yake alikuwa mkali kupita kiasi: asipofanya mazoezi ya kutosha, ananyimwa chakula. Antonio aliona kwa mtoto yule mtaji ambao bandari haikumpa. Mama, Teresa, alikuwa na hadithi yake tofauti. Yeye aliota malaika amemtokea na kumwahidi kwamba mwanawe atakuwa mpiga fidla mkuu kuliko wote. Kwa hiyo tangu mwanzo nyumba ile ilikuwa na malaika. Shetani aliletwa na wateja.

Akiwa kijana mdogo alipelekwa Parma, kwa mwalimu maarufu Alessandro Rolla, na walimu wa huko hawakuchukua muda kugundua kwamba mwanafunzi ameshawazidi. Mwaka 1801 alikuwa Lucca, huru mbali na mkono wa baba, akipata fedha zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alizitumia kama kijana yeyote aliyetoka kufunguliwa mlango: kwenye kamari. Huko Livorno, mji mwingine wa bandari, alifika siku ya onyesho akiwa hana hata chombo cha kupigia. Fidla yake ilikuwa imekwenda na madeni ya kamari.

Aliyemwokoa alikuwa mfanyabiashara. Mfaransa mmoja aitwaye Livron, mpenzi wa muziki, alimwazima fidla iliyotengenezwa Cremona mwaka 1743 na fundi Giuseppe Guarneri. Onyesho lilipokwisha Paganini akairudisha, na Livron akakataa kuipokea. Alisema, kwa maana, kwamba baada ya kuisikia mikononi mwa kijana yule hawezi tena kuigusa yeye. Paganini aliipa jina la Cannone, yaani mzinga, kwa ukubwa wa sauti yake, na akakaa nayo hadi kufa. Kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, siku moja alikaribia kuipoteza nayo mezani, akabaki na lira tatu tu mfukoni, bahati ikamgeukia, na kuanzia hapo akaiacha kamari. Tutaona kama kamari nayo ilimwacha.

Kuanzia mwaka 1805 aliajiriwa katika jumba la Elisa, dada yake Napoleon, aliyepewa utawala wa Lucca. Hapo ndipo ulipoanza mchezo wa nyuzi chache. Kwanza alitunga kipande cha nyuzi mbili, moja ikiwa sauti ya mwanamke na nyingine ya mwanamume, wapenzi wawili wakigombana na kupatana. Kisha akatunga kipande kizima cha uzi mmoja tu, ule mnene, akakiita kwa jina la Napoleon. Kwa hiyo ustadi wa uzi mmoja ulizaliwa katika sebule ya watawala, mbele ya wageni waliokaa kwenye viti vya hariri. Lakini nani atalipa gulden tano kusikia habari ya sebule? Jela inauza zaidi.

Na jela ilikuwepo, ingawa si ile. Mwaka 1815 huko Genoa, fundi cherehani mmoja alimshtaki Paganini kwa kumtorosha binti yake, Angelina Cavanna. Alikaa mahabusu siku chache, akatoka, na baadaye mahakama ikamwamuru alipe fidia. Kesi ya aibu, na sioni sababu ya kumtetea. Lakini tazama jinsi ilivyokua. Uvumi nao una madalali wake, na kila mkono unaopita huongeza chake juu. Siku chache zikawa miaka minane. Binti aliyekuwa hai akawa maiti. Baba mshonaji akatoweka kabisa katika hadithi, nafasi yake ikachukuliwa na mpenzi mwingine aliyechomwa kisu kwa wivu. Mtu anayevusha bidhaa Busia au Rusumo ameshaona nyanya ikipanda bei kwa namna hiyohiyo kati ya shamba na soko.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Paganini karibu kila uzushi ulikuwa na kipande kidogo cha kweli ndani yake, na vipande hivyo vinastahili kuchambuliwa kimoja kimoja.

Chukua utumbo. Fidla zote za enzi hizo zilifungwa nyuzi za utumbo, kwa sababu nyuzi za chuma na za plastiki za leo zilikuwa bado. Utumbo wenyewe ulikuwa wa kondoo. Kwa hiyo utumbo ulikuwemo kweli. Aliyebadilishwa ni mwenye utumbo.

Chukua sura yake. Miaka ya 1820 alitibiwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa kaswende, kwa dawa kuu ya wakati ule, zebaki. Zebaki ni sumu. Iliharibu meno na fizi zake, na mwaka 1828 huko Prague alifanyiwa upasuaji wa taya na kung'olewa meno ya chini. Mashavu yakaingia ndani, pua na kidevu vikachomoza, ngozi ikapauka. Juu ya hayo alivaa nguo nyeusi tupu. Watazamaji waliokaa mbali, chini ya mwanga wa mishumaa, waliona fuvu linalopiga fidla. Tulicho nacho hapa ni mgonjwa aliyedhulumiwa na dawa, na umati uliolipa kumwogopa.

Chukua vidole. Daktari Francesco Bennati, aliyemfahamu kwa karibu, aliandika mwaka 1831 kwamba viganja vya Paganini havikuwa vikubwa kupita vya watu wengine. Ajabu yake ilikuwa ulaini wa viungo: vidole viliweza kutanuka na kupinda upande ambao vidole vyangu na vyako vingevunjika. Madaktari wa siku hizi wamebishana ni hali gani ya kuzaliwa iliyosababisha hayo. Kuhusu kwato, naweza kusema tu kwamba alipita mikononi mwa madaktari wengi na hakuna aliyeziandika.

Halafu kuna siri ya ufundi, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha akili ya mfanyabiashara. Katika konseto yake ya kwanza, okestra nzima ilipiga katika ufunguo mmoja, naye nyuma ya pazia alikuwa amezikaza nyuzi zake nusu sauti juu. Vidole vyake vikacheza katika ufunguo mwepesi unaoifanya fidla ing'ae, huku sauti ikitoka sawa na okestra. Wapiga gita wanaotumia kapo wanaelewa. Wapiga fidla waliokaa ukumbini wakifuatisha kwa macho walishindwa kuelewa mtu yule anapataje sauti zile mahali pale, na walipokwenda nyumbani kujaribu hawakufaulu. Kusema kuna mkono wa Shetani kulikuwa rahisi kuliko kukiri kwamba wamezidiwa akili. Mwaka 1829 Carl Guhr, mwanamuziki wa Frankfurt, alichapisha kitabu akieleza mbinu hizo baada ya kumtazama kwa makini. Siri ikawa hadharani, na bado hakutokea mtu wa kumfikia.

Paganini aliilinda bidhaa yake kama mwenye duka anayejua kuna wezi sokoni. Vitabu vya muziki kwa wanaokestra aligawa mazoezini na kukusanya baada ya onyesho. Sehemu yake mwenyewe hakuionyesha. Kwenye mazoezi wanamuziki walingoja kwa hamu ifike zamu yake, naye akapitisha noti mbili tatu kisha akanyamaza. Kazi zake nyingi kubwa hazikuchapishwa hadi alipokufa. Zile Kaprichio 24 zilizochapishwa Milan mwaka 1820 ni tofauti, na aliziandikia wasanii wenzake, kana kwamba anawaambia wajaribu waone.

Katika Ulaya ya wakati ule kusafirisha jina kulikuwa rahisi kuliko kusafirisha mzigo. Italia ilikuwa vipande vya falme na himaya ndogo. Ujerumani nayo ilikuwa rundo la nchi, kila moja na mtawala wake, fedha yake na forodha yake. Umoja wa forodha wa Wajerumani ulianza kazi mwaka 1834. Paganini alipotoka Italia mwaka 1828 alikuwa na umri wa miaka 45, na kwa miaka sita alivuka mipaka hiyo kwa gari la farasi: Vienna, Prague, Berlin, Warsaw, Frankfurt, Paris, London, hadi Scotland na Ireland. Alikuwa na fidla na mtoto. Mama wa mtoto, mwimbaji Antonia Bianchi, waliachana naye Vienna, na Paganini alilipa ili abaki na mwanawe, Achille, aliyezaliwa mwaka 1825. Wasafiri waliomwona kwenye nyumba za wageni walishangaa kukuta yule waliyeambiwa ni jini akimfunga mtoto vifungo vya koti na kumbembeleza ale.

Alikuwa pia na kitabu chekundu. Humo aliandika mapato na matumizi, onyesho hadi onyesho. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye hakutaka ipotee. Katika kila nchi fedha ilikuwa nyingine: gulden, thaler, faranga, pauni. Utaratibu wake wa bei ulikuwa mmoja: mara mbili ya kawaida. Paris walilipa. London, mwaka 1831, magazeti yalichachamaa, onyesho la kwanza likaahirishwa, na akalazimika kushusha viingilio kabla ya kupanda jukwaani tarehe 3 Juni. Hasara hiyo aliifidia kwa kuzunguka miji mingine.

Wengine nao walifanya biashara kwa jina lake. Vienna kuliuzwa kofia za Paganini, glavu za Paganini, mikate yenye umbo la fidla, fimbo na vibweta vya ugoro vyenye sura yake. Hakuna ushahidi kwamba yeye alipata chochote katika hayo, jambo ambalo lazima lilimuuma.

Huko huko Vienna mtu mmoja alitangaza kwamba amemwona Shetani kwa macho yake, amesimama pembeni ya Paganini jukwaani, mwenye pembe na mkia na mavazi mekundu, akiushika mkono wa mpigaji na kuuongoza. Kipande kilichokuwa kikipigwa wakati huo kiliitwa Le Streghe, yaani Wachawi. Ni Paganini mwenyewe aliyekitunga, akakipa jina hilo na kukipiga mara ya kwanza Milan mwaka 1813. Hapa ndipo ninapomwona si mwathirika tu. Mtu anayechukizwa na kuitwa mchawi haendi mji hadi mji akipiga Wachawi. Biashara ni matangazo, na tangazo lile lilikuwa la bure.

Hata hivyo kulikuwa na siku lilimchosha. Mwaka 1828 alimwomba mama yake barua, akaichapisha, ili watu waone kwamba amezaliwa na binadamu. Fikiria hilo kwa makini: mtu mzima wa miaka 45, aliyevikwa nishani na Papa Leo XII mwaka mmoja tu kabla, anatafuta barua ya mama kuthibitisha kuwa yeye ni mtu. Huko London aliandika kwamba watu mitaani hawaridhiki kumtazama. Wanamgusa wahakikishe kama ana nyama na mifupa.

Paris alikuta picha ikiuzwa madukani: yeye mwenyewe gerezani, na fidla yake. Akajibu kwa barua iliyochapishwa katika jarida la muziki la François-Joseph Fétis mwaka 1831, na hapo alionyesha kwamba aliujua ucheshi wa jambo lenyewe. Alipiga hesabu. Tangu utotoni alikuwa akionekana jukwaani, na miaka yake yote baada ya hapo inajulikana alikuwa wapi na nani. Kama kweli alifungwa miaka minane kwa kumuua mpenzi au mshindani wake, basi mauaji hayo aliyafanya kabla hajajulikana, yaani ilibidi awe na hawara na mgoni wake akiwa na umri wa miaka saba. Alieleza pia kwamba kuna mpiga fidla mwingine aliyepata kufungwa Milan, na kesi ya mwenzake ndiyo iliyobandikwa kwake. Barua ilikuwa nzuri, ikasomwa, na picha zikaendelea kuuzwa.

Sifa nyingine iliyomfuata ni ubahili. Walimwita mkono wa birika, na mwaka 1834 mwandishi wa Paris, Jules Janin, alimshambulia vikali gazetini kwa kukataa kupiga fidla katika onyesho la kuwachangia waathirika wa mafuriko. Kwamba mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Paris, alifanya onyesho la kuwasaidia wagonjwa, hilo lilisahaulika haraka. Katika ukumbi wakati huo alikuwepo kijana Franz Liszt, mpiga piano, aliyetoka ameapa kuwa Paganini wa piano, akajifungia na mazoezi. Nadhani hilo ni tunda kubwa kuliko fedha zote za kiingilio.

Desemba 1838, akiwa amepoteza sauti kabisa na kuzungumza kwa kumnong'oneza mwanawe, Paganini alimsikiliza Hector Berlioz akiongoza kazi yake iitwayo Harold en Italie. Kazi hiyo Berlioz aliianza kwa ombi la Paganini, lakini Paganini alipoona ina mapumziko mengi mno kwa mpigaji hakuipiga kamwe. Siku ile aliisikia kwa mara ya kwanza, akapanda jukwaani na kupiga magoti mbele ya mtunzi. Siku mbili baadaye Achille alimpelekea Berlioz hati ya faranga 20,000. Berlioz, aliyekuwa amezama kwenye madeni, alilipa alichodaiwa na kwa muda uliobaki akatunga Roméo et Juliette, akaitabarukia jina la Paganini.

Na hapo pia uzushi ulifika. Mkono wa birika hawezi kutoa faranga 20,000, watu walisema, kwa hiyo lazima fedha ni za mwenye gazeti fulani la Paris aliyetaka kumsaidia Berlioz kwa siri na kumtumia Paganini kama pazia. Mji ule uliweza kuamini kwamba mtu huyu amemfunga mwanamke ndani ya fidla, lakini ukashindwa kuamini kwamba amemsaidia mwenzake.

Kuhusu hasara yake kubwa nitasema machache, kwa sababu ni hadithi ambayo wafanyabiashara wengi wanaijua bila kusimuliwa. Mwaka 1837 aliingia ubia wa kufungua Paris jumba la starehe lenye jina lake, Casino Paganini. Faida ilitegemewa kwenye meza za kamari. Kibali cha kamari hakikupatikana, na nyumba za kamari zikapigwa marufuku Ufaransa kuanzia mwisho wa mwaka huohuo. Jumba likafungwa upesi. Wabia waliobaki walimburuza mahakamani kwa kutopiga fidla kama ilivyotangazwa, akiwa mgonjwa hawezi hata kusimama, na akahukumiwa kulipa fedha nyingi.

Alikimbilia Nice kutafuta hewa ya joto. Nice wakati huo haikuwa ya Ufaransa bali ya ufalme wa Sardinia, sawa na Genoa. Alifia huko tarehe 27 Mei 1840. Kabla ya hapo padri alifika kumpa sakramenti ya mwisho. Paganini hakuwa na sauti, na pengine hakuamini kama siku zake zimekwisha. Alimwashiria kwamba muda bado. Padri akaondoka, kifo kikamtangulia kurudi. Askofu wa Nice, Domenico Galvano, akakataa asizikwe katika ardhi iliyobarikiwa. Kwamba wosia wake uliomba mazishi yasiyo na makuu na misa mia moja za mapadri Wakapuchini hakukusaidia, wala ile nishani ya Papa. Miaka thelathini ya vichekesho kuhusu Ibilisi iliwekwa mezani kama ushahidi.

Achille alikuwa na umri wa miaka 14.

Maiti ilitiwa dawa isioze. Kwanza ilikaa ndani ya nyumba, watu wakaja kuitazama kama walivyokuja kwenye maonyesho. Ikateremshwa chini ya nyumba. Kisha ikapelekwa Villefranche, kwenye jengo la karantini ya mabaharia, na wavuvi wakaanza kusema kwamba usiku wanasikia fidla. Ikaondolewa, ikawekwa karibu na bahari upande wa Cap Ferrat. Achille, kupitia wakubwa wake na baadaye mwenyewe, alipeleka rufaa kwa mahakama za kanisa na hadi Roma. Mwaka 1844 ndipo ilipopatikana ruhusa ya kuisafirisha kwa bahari hadi Genoa, ambako iliwekwa kwenye shamba la familia nje ya mji, bila ibada. Mwaka 1845 ilivuka mpaka kuingia Parma, nchi nyingine, kwa sababu mtawala wa huko, Marie Louise, mjane wa Napoleon, alimfahamu marehemu aliyewahi kuiongoza okestra yake. Ikawekwa Gaione, katika nyumba aliyoinunua kwa fedha za zile tiketi.

Kila aliyepata kusafirisha maiti ya ndugu kutoka nchi moja kwenda nyingine anajua kazi iliyopo: mihuri, barua, ofisa anayetaka karatasi moja zaidi. Achille alihangaika hivyo tangu ujana wake hadi akafika umri wa miaka 50. Ilikuwa mwaka 1876, nchi zile ndogo zikiwa zimeshaungana kuwa Italia moja, kanisa liliporidhia na Paganini akalazwa katika makaburi ya Parma. Hata hapo hakuachwa. Mwaka 1893 jeneza lilifunguliwa, mpiga fidla Mcheki František Ondříček akamtazama usoni. Mwaka 1896 akahamishiwa kaburi jipya, Achille akiwa naye ameshafariki mwaka uliotangulia. Wakati huohuo mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant alikuwa ameshaeneza hadithi nyingine, kwamba maiti ile ilifichwa miaka mitano kwenye kisiwa kitupu chenye miamba karibu na Cannes, na wapo watalii wanaoonyeshwa mahali penyewe hadi leo.

Fidla yake aliiusia mji wa Genoa. Mji ambao ulisita kumzika uliipokea bila mashaka yoyote, na inatunzwa katika jumba la Doria-Tursi, ndani ya kabati la kioo. Mafundi huitoa, huikagua na kubadilisha nyuzi, na mara moja moja mshindi wa shindano la fidla linalobeba jina la Paganini hupewa aipige. Wameitazama ndani na nje. Ni mbao za mpaini na mpeli, gundi na vanishi.